Mwalimu na Gari Linalovuta Kushoto

Mume wangu hajui kukaa. Nilidhani naolewa na mtu, kumbe naolewa na pia ya kuchezea, ikisimama inaanguka. Tangu shule ya udereva aliyokuwa akifundisha ifungwe na yeye kurudishwa nyumbani, ameshalipaka geti rangi, akaibandua, akalipaka tena. Amelihamisha tangi la maji kutoka kona hii kwenda kona ile, na anayetembea na ndoo mwendo mrefu zaidi ni mimi. Ukimwambia, "Baba, pumzika," anakujibu, "Nitapumzika nikifa." Basi mtu wa namna hiyo akipata sababu ya kulifungua gari, nyumba nzima haikaliki.

Sababu aliipata Ijumaa. Binti yetu ni muuguzi katika hospitali kubwa ya hapa mjini, na zamu zake hazijui Jumapili wala sikukuu, kwa hiyo mtoto wake anaishi kwetu. Ni msichana wa darasa la kwanza, na tunamwita Swali kwa sababu haishi kuuliza. Kila asubuhi babu yake humpeleka shule na kila mchana humrudisha. Ijumaa hiyo nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, nashona mapazia ya watu, nikaliona gari linaingia na ubavu wa kushoto umejaa tope, na kofia ya tairi la mbele haipo. Swali akashuka mbio.

"Bibi, leo Babu alitaka kutupeleka mtaroni! Bibi, mtaroni kuna vyura?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anazunguka gari, anainama, anainuka, anapiga matairi teke.

"Linavuta kushoto," akasema kabla sijafungua mdomo. "Breki ya kushoto inang'ang'ania. Na ile mipira ya mkono wa chini wa gurudumu imechoka, gari linayumba. Nitalifungua lote, Jumatatu mtoto apande gari jipya."

Moyo ulinilipuka. Ule mtaro wa njia ya shule mnaujua? Hamuujui, basi niwaambie: mtu mzima akisimama ndani unaona kichwa tu. Nikasema tulipeleke kwa fundi. Weee! Ni kama nilimtukania mama yake.

Lazima niwaeleze huyu bwana ni nani ili mnielewe. Mji huu nusu ya watu wanaoshika usukani wamefundishwa na yeye. Ukisimama sokoni ukaita "Mwalimu!" walimu wa shule hawageuki, wanajua anaitwa yeye. Alikuwa mkali huyo! Mwanafunzi mpya alikalishwa kwenye gari lililozimwa, mikono miwili kwenye usukani, kama mishale ya saa tisa kasorobo, akae hivyohivyo hadi mabega yazoee. Ukitoa mkono kujikuna pua, rula inakushukia. "Mkono ukiuacha usukani," anasema, "umeacha uhai wa mtu barabarani." Mimi mwenyewe alinifundisha tukiwa wachumba, nikalia machozi, nikamwambia uchumba basi. Alinijibu, "Sawa, lakini kwanza maliza kona hii." Nikamaliza kona, na uchumba haukuisha.

Na gari lenyewe ndilo lile la shule. Shule ilipofungwa walimwachia, na watu bado wanaliita Mwanafunzi. Juu ya paa yapo matundu ya kile kibao cha shule ya udereva, na upande wa abiria lina kanyagio lake la breki, lile la mwalimu, lililoungwa kwa fimbo ya chuma na lile la dereva. Maisha yake yote ya kazi mume wangu alikaa upande ule, mguu juu ya kanyagio lile, akiwaokoa watu wasijiue. Ndiyo maana nasema, kumwambia mtu huyo kwamba fundi mwingine ndiye atakayeshika breki zake ni kumpigia mbuzi gitaa.

Jumamosi jua halijapata joto, gari lilikuwa juu. Aliweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, akalipiga jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akalisukuma kwa bega kuona kama litatikisika. Kwa mambo hayo simlaumu, ana adabu na chuma. Akatoa matairi ya mbele. Akafungua kalipa, ule mkono wa chuma unaobana diski, akaniita nimpe waya wa kuning'inizia.

"Kwa nini usiuache uning'inie wenyewe?" nikamuuliza, nimekasirika kwa sababu nilikuwa nimeacha pindo katikati.

"Ukining'inia kwa mpira wa mafuta, mpira unapasuka kwa ndani, wewe huoni, siku ya siku unakanyaga breki hakuna kitu. Shika hapa."

Nikashika. Akawa anasugua vumbi la breki kwa kitambaa kibichi. Hapulizi kamwe, anasema vumbi lile si la kuingiza kifuani. Akapitisha brashi ya waya pale pedi zinapoteleza, akapiga msasa kutu, akapaka grisi kidogo kwenye pini, kidogo kabisa, kama mtu anayemwekea mgonjwa chumvi. Pedi zilikuwa nzima. Diski ilikuwa nzima. Nilitegemea afurahi, lakini alizidi kuhangaika.

"Haiwezekani," akawa anasema. "Lazima kuna kitu."

Hapo ndipo spana ilipomponyoka. Ikaanguka sakafuni, ikalia. Akaiokota. Baada ya muda ikamponyoka tena, safari hii ikanikosa mguu.

"Jamani, unataka kunilemaza?"

"Grisi," akasema, na akajifuta mkono wa kulia kwenye suruali.

Mimi ni mtu wa mikono, nashona. Naona mkono wa mtu kabla sijaona uso wake. Mkono ule ulikuwa mkavu. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira haoni anachokiona. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona pindo likapinda, nikalifumua, nikashona tena likapinda tena. Nikainuka kwenda jikoni, nikafika jikoni nikasahau nimefuata nini.

Mchana akaja Fundi Kimya. Tunamwita hivyo kwa sababu hanyamazi. Ana gereji yake barabara ya pili, na udereva alifundishwa na mume wangu, kwa hiyo anaingia kwetu bila kubisha.

"Mwalimu! Unaninyang'anya ugali wangu! Mama, shikamoo. Mwalimu, hiki kizee bado kinapumua? Mimi ningekuwa gari la umri huu ningeomba nizikwe!"

"Marahaba, karibu," nikamjibu, "mseme mwenzako, labda wewe atakusikia."

Fundi Kimya hakungoja kuambiwa. Akachuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, akarudisha diski na kalipa mahali pake, akazungusha kwa mkono. Likazunguka laini, halikwaruzi mahali. Akaenda la kulia, vilevile. Akaingia chini ya gari na tochi, akawa anaongea hukohuko chini, "Mpira huu umepasuka kidogo, huu mzima, shokapu haivuji, boljointi haina mchezo." Akatoka na vumbi kichwani.

"Mwalimu, badilisha hiyo mipira miwili ya mkono wa chini kama unataka kujifurahisha. Lakini gari hili lina afya kuliko mimi."

"Linavuta kushoto."

"Wapi?"

"Barabarani! Unataka livute wapi, kitandani?"

"Nilirudishie matairi nikaliendeshe kidogo?"

"Nimekufundisha mimi kuendesha," mume wangu akasema, "leo unifundishe wewe kusikiliza gari? Nenda kaongee na wateja wako."

Nilimsindikiza Fundi hadi getini kumwomba radhi. Nikangoja utani. Hakutania. Alisimama anachezea funguo zake, na mimi nikaanza kuogopa, maana mtu yule akinyamaza, kuna msiba.

"Mama," akasema polepole, "Ijumaa mchana nilikuwa nyuma yao. Mwalimu hakukanyaga breki. Taa za nyuma hazikuwaka kabisa. Gari lilikwenda tu kushoto, taratibu, taratibu, kama dereva amesinzia, mpaka tairi likashuka. Halafu akashtuka, akalirudisha. Breki haiwezi kuvuta kama haijakanyagwa, na gurudumu umeliona mwenyewe linazunguka huru."

"Alisinzia?"

"Sijui, mama. Nilimwona kichwa kimesimama. Mimi sijui."

Akaenda zake. Nikabaki nimeshika geti. Ndani nasikia nyundo, na Swali anamuuliza babu yake kama gari linaumia likigongwa.

Jioni ile sikuwa na pa kujiweka. Mara nikae, mara nisimame. Nilimtazama akila. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza, akasema mkono wa kulia umechoka na kazi. Jibu lilikuwa zuri, kazi aliifanya kweli. Nikajiambia, mwanamke wewe una wasiwasi, mume wako ni mtu wa makamo amelala chini ya gari mchana kutwa, unataka mkono uimbe? Nikajiambia hivyo hata nikachoka kujiambia. Nilitaka kumpigia simu binti yetu, nikakumbuka yuko zamu, nikaona nitamwambia nini, kwamba baba yako ameangusha spana?

Jumapili aliendelea na mipira ya chini. Aliitoa ile kuukuu kwa bomba na boliti ndefu, anaikandamiza inatoka, akaingiza mipya kwa maji ya sabuni. Ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida yake. Alikuwa anatukana chini kwa chini, yeye ambaye hatukani. Kisha akafungua ngoma za nyuma, akazisafisha, akazirudisha, na alipokwisha akaniita tutoe upepo kwenye mabomba ya breki.

Kazi hiyo inahitaji watu wawili wanaopendana, maana wasiopendana wataachana hapohapo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva. Yeye yuko chini kwenye gurudumu la nyuma, na kichupa na mpira mwembamba.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga.

"Shikilia! Nimesema shikilia, mbona umeachia?"

"Sijaachia!"

"Umeachia, nimeona upepo umerudi!"

"Basi njoo ukanyage wewe, mimi nije nione huo upepo!"

"Kanyaga, mke wangu. Tafadhali. Shikilia. Hapohapo. Achia."

Tulikwenda hivyo gurudumu hadi gurudumu. Kwenye lile la mwisho nilimwona vizuri, kwa sababu liko karibu na mlango wa dereva. Alikuwa amechuchumaa, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, na ile nati anaizungusha kwa kushoto.

"Mbona unatumia kushoto?"

"Nafasi ndogo."

Nafasi ilikuwa kubwa, hata mimi na unene wangu ningeenea.

Akashusha gari chini likae kwa uzito wake, ndipo akakaza boliti za mipira ya chini kwa mara ya mwisho, maana ukizikaza gari likiwa juu mipira inajipinda na kuchanika mapema. Hayo yote anayajua. Nati za matairi alizikaza kwa kupanda juu ya mpini wa spana kwa mguu. Akaosha mikono. Akasimama mbele ya Mwanafunzi kama bwana harusi.

"Swali! Njoo twende tukalijaribu gari."

"Swali haendi," nikasema.

"Kwa nini haendi? Kesho si atapanda?"

"Kesho ni kesho. Leo haendi. Ataenda kwa jirani, mimi ndiye nitakayekwenda na wewe."

"Unanionaje wewe? Mimi ni mtoto?"

"Nakuona hivyo nilivyokuona! Mtoto haendi, na ukimpandisha nalala mbele ya matairi!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Swali aliacha kuuliza. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alitokeza kichwa, nikamkabidhi mtoto juu ya ukuta kama mzigo, nikazunguka gari, nikakaa upande wa abiria. Chini ya mguu wangu kulikuwa na lile kanyagio la mwalimu. Alikuwa amelisafisha nalo, linang'aa.

Tukaenda barabara ya maghala. Jumapili hakuna malori pale, barabara imenyooka, ghala huku, ghala huku, na mtaro kushoto. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Halilii, haliyumbi, tukipita shimo tunasikia tu duf, basi. Nikaona bega la mume wangu limeshuka kwa raha. Akaanza kunisimulia mwanafunzi mmoja wa zamani aliyefunga macho kila akiona lori. Nikacheka. Nilicheka kweli, nikafikiri, Mungu wangu, kumbe nilikuwa najitia wazimu bure.

Halafu ule ukingo wa barabara ukaanza kuja upande wangu.

Ulikuja polepole. Mbele yetu pembeni kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye gunia, ametupa mgongo. Nikamtazama mume wangu. Macho yake yako mbele, anaendelea kusimulia, hajasinzia hata kidogo. Mkono wa kushoto uko kwenye usukani. Wa kulia nao uko kwenye usukani, lakini umekaa tu, kama kitambaa kilichoanikwa, na ule wa kushoto kwa uzito wake unavuta chini, na usukani unaufuata.

"Baba."

"Mm?"

"Baba, mtu!"

"Nimemwona, linavuta, si unaona linavyo—"

Nikakanyaga. Sikufikiri, mguu ulikwenda wenyewe. Breki zile zilishika, jamani! Zilishika zote sawasawa, gari likasimama palepale, kifua changu kikagonga dashibodi. Mwenye baiskeli aligeuka, akatuona tuko mgongoni pake, akatutukana tusi refu sana, na ana haki. Kisha akasukuma baiskeli yake akaenda.

Mume wangu alikuwa anautazama mguu wangu.

"Umenikanyagia breki," akasema. "Mimi?"

"Nimekukanyagia."

"Umeona sasa? Umeona linavyovuta? Lile bomba la kushoto, labda ndani limeziba, nikifika nyumbani nitalitoa—"

"Mwalimu!" Sikuwa nimemwita hivyo tangu uchumba. "Wanafunzi wako wangapi walikwambia gari linavuta? Wangapi? Uliwajibu nini?"

Mji mzima unajua alivyokuwa akiwajibu. Aliwaambia gari halivuti, angalia mikono yako.

"Shuka," nikamwambia. "Pisha."

"Barabara hii malori—"

"Leo Jumapili. Pisha."

Tukabadilishana. Hasira na woga vilinichanganyikia, sijui kipi ni kipi. Nikalitoa gari. Likaenda. Likanyooka. Nikaongeza mwendo, likanyooka. Nikapunguza kwa breki, likapunguza limenyooka.

"Unalishika kwa nguvu," akasema. "Unalilazimisha."

"Silishiki kwa nguvu."

Tukalikaribia ghala la saruji. Kisha akasema, sauti ndogo, "Achia usukani."

Niliona nimesikia vibaya. "Nini?"

"Toa mikono. Yote miwili. Kanyagio ninalo mimi huku. Achia."

Nikatoa mikono, nikaishikilia hewani karibu na usukani, vidole vimekakamaa. Mwanafunzi akaenda peke yake. Akapita ghala la saruji, akapita geti la kiwanda cha magodoro, mstari wa katikati uko palepale ulipo, hausogei wala haukaribii. Mtu angetuona angesema hawa wazee wamelewa. Mimi nilimwomba Mungu gari lile livute. Naapa nilimwomba. Vuta, vuta hata kidogo, vuta hata upande wowote. Halikuvuta.

"Shika," akasema.

Nikashika. Tukaenda hivyo, yeye anautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani. Aliuinua kidogo, ukashuka.

"Alhamisi niliamka nao hivi," akasema. "Nikadhani nimeulalia. Nikasema utaamka. Ijumaa asubuhi nikaona uko nafuu, nikampakia mtoto." Akaufunika mkono ule kwa wa kushoto. "Nikampakia mtoto, mama."

"Najua."

"Breki nilizifungua nikaziona nzima. Nikaziona nzima kwa macho yangu, nikaendelea kufungua."

Mganga hajigangi, walisema waliosema, lakini sikumwambia hilo. Nilikuwa namwonea huruma hadi meno yananiuma, na papo hapo nilitaka kumpiga, maana siku zote hizo alikuwa chini ya gari akitafuta ugonjwa kwenye chuma.

"Kesho Swali utampeleka wewe," akasema.

"Nitampeleka."

"Ile kona ya shule ushuke gia mapema, wewe huwa unachelewa."

"Nitashuka mapema."

Tulifika njia panda. Kulia ni kwetu. Nikawasha indiketa ya kulia.

"Zima," akasema. "Nyoosha, twende hospitali moja kwa moja. Nikifika nyumbani nitavua viatu, na nikivua viatu hunitoi tena, unanijua."

Namjua. Nikazima. Njiani alinikosoa kila kitu, umekaribia mno, angalia kioo, yule mtoto anaweza kuvuka, mbona unabana usukani kama unakamua nguo. Siku nyingine ningesimamisha gari nishuke niende kwa miguu. Jumapili ile nilitaka asinyamaze, maana nilikuwa namsikiliza maneno yake, neno kwa neno, kama yanatoka sawasawa.

Binti yetu alikuwa kwenye korido ya mapokezi, amevaa sare, amebeba trei. Alituona tunaingia, mimi na uso wangu ule, baba yake na ovaroli imejaa masizi ya breki. Akaweka trei chini, akanijia mimi.

"Mama, una nini? Presha?"

"Si mimi," nikasema.

Akamgeukia baba yake. Mume wangu akajaribu kutania, akasema nimemleta gereji nyingine. Binti hakucheka. Wale wanapofundishwa kazi ile wanafundishwa na kutocheka. Alimkalisha kwenye benchi, akampigia mluzi kijana mmoja alete kiti cha magurudumu, akachuchumaa mbele yake na kunyoosha vidole viwili vya kila mkono.

"Baba, shika vidole vyangu. Shika, uminye. Nguvu zako zote, usinionee huruma."

Mume wangu akashika, mikono miwili, kama alivyowafundisha watu maisha yake yote. Nikaona vidole vya mkono wa kulia wa binti yangu vinabadilika rangi kwa kuminywa na ule wa kushoto wa baba yake. Vya mkono wake mwingine havikubadilika.

"Vizuri," binti akasema, na sauti yake ilikuwa sauti ya kazini. "Sasa minya na kwa kulia."

"Si ndio naminya, mwanangu," akasema Mwalimu. "Naminya kwa nguvu zangu zote."